Njia ya Chozi: Istilahi za Kuziba kwa Mirija ya Machozi na Tiba Yake katika Miji ya Mlima Kenya

Miongoni mwa maradhi ambayo lugha huyapa jina la dalili ikayanyima jina la chanzo, yamo yale ya macho kutokwa na machozi pasipo kilio. Katika zahanati na hospitali za Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki malalamiko hayo ni ya kawaida, na sababu anazozitaja mgonjwa mwenyewe aghalabu ni tatu: baridi, moshi na uzee. Hakuna hata moja kati ya hizo isiyo na msingi. Mji wa Nyeri umekaa karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti ukungu wa mlimani huweza kushinda mchana kutwa; jiko la kuni lingali likiwaka katika nyumba nyingi za mashambani; na kope za mzee hulegea kweli. Lakini yupo pia mgonjwa ambaye jicho lake hujaa maji hata jua likiwaka na moshi usipokuwapo, naye hajafikia miaka 50. Na jicho lenyewe mara nyingi ni moja tu. Upepo haubagui jicho la kushoto na la kulia. Huyo ndiye mgonjwa anayehusika hapa, yaani yule ambaye chozi lake halikuzidi, bali limekosa pa kupita.

Makala haya yanakusudia kuieleza njia hiyo ya chozi, jinsi tabibu anavyoichunguza na kuifungua kwa endoskopu, na pamoja na hayo kuyapima maneno ambayo Kiswahili kinayo, au hakinayo, kwa kazi hiyo. Mambo haya mawili hayatenganishiki. Katika hospitali kubwa kitengo cha macho na kitengo cha masikio, pua na koo ni milango miwili, na hata matabibu wake husomeshwa katika kozi mbalimbali. Ugonjwa huu umekaa katikati ya milango hiyo. Mgonjwa hana budi kuingia mlango mmoja kwanza, na mlango huo huchaguliwa na neno alilokuja nalo. Akisema "macho", ataingia kwa macho, na akikosa wa kumwuliza zaidi ataondoka na chupa ya dawa ya matone. Matone hupunguza usaha kwa siku kadhaa. Njia iliyoziba hubaki imeziba. Baada ya mwezi mgonjwa hurudi na neno lile lile, na kupewa chupa ile ile.

Chozi kama mwana wa jicho

Katika Kiswahili neno machozi limelalia neno macho, na uhusiano huo si wa sauti tu. Lugha ya Kikuyu, ambayo ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi wa Nyeri, ina maitho kwa macho na maithori kwa machozi. Ulinganifu ni wa kawaida kabisa: ch ya Kiswahili hukutana na th ya Kikuyu, kama katika cheka na theka, au nchi na thĩ, na z ya Kiswahili hukutana na r ya Kikuyu, kama katika mwezi na mweri, au mzizi na mũri. Kwa hiyo chozi na mwenzake wa Kikuyu ni urithi mmoja wa Kibantu, na katika urithi huo chozi ni kitu kilichozaliwa na jicho. Mwanafunzi wa isimu linganishi hufurahia mfano kama huu kwa unyofu wake. Kwa tabibu unyofu huo una kasoro moja: pua haimo.

Vitenzi navyo havileti nafuu. Kiswahili ni tajiri sana hapa. Machozi humlengalenga mtu yakiwa yamesimama ukingoni mwa kope bila ya kuanguka; humdondoka yakija tone baada ya tone; humchuruzika yakifanya mstari mwembamba shavuni; humtiririka yakiwa mengi; humbubujika yakiwa hayazuiliki. Ngazi hii ya vitenzi ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kulengalenga, ambako watunzi wa riwaya wamekuweka kwa mtu mwenye huzuni aliyejizuia, ndiyo hasa dalili ya mwanzo ambayo daktari huitafuta anapolitazama jicho kwa taa: utepe wa maji ulionenepa juu ya ukope wa chini. Kiingereza cha madaktari hakina kitenzi kimoja kwa jambo hilo, nacho huazima jina la Kiyunani, epifora, ambalo wasomi wa balagha wanalifahamu kwa maana nyingine kabisa, ya kurudia neno moja mwishoni mwa sentensi zinazofuatana. Hata hivyo vitenzi vyote hivyo vitano vinakwenda upande mmoja. Vyote vinalitoa chozi jichoni na kulipeleka shavuni. Hakuna hata kimoja kinacholipeleka puani, ingawa kila aliyepata kulia anajua kwamba baada ya machozi hufuata kamasi, na kwamba kitambaa hupanguza vyote viwili.

Kitenzi kulia ndicho kinachopotosha zaidi. Asili yake ni sauti: ndege hulia, kengele hulia, bunduki hulia. Mtu alia kwa sababu ametoa sauti ya huzuni, na maji ya macho ni nyongeza. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili anaweza kusema bila ya kujipinga kwamba mtoto halii, ila machozi yanamtoka. Katika Kikuyu kũrĩra nako ni kulia, nako gũita maithori ni kumwaga machozi, na mmwagaji ni mtu mwenyewe. Sarufi za lugha zote mbili humfanya mgonjwa mtendaji, au hulifanya jicho mtendaji: "macho yanatoa maji". Kutoa ni tendo la mwenye kingi. Hivyo kabla mgonjwa hajafika mlangoni, lugha imekwisha kumwambia kwamba jicho lake linazalisha kupita kiasi, na linahitaji dawa ya kulikausha.

Njia yenyewe

Chozi hutengenezwa hasa na tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa paji. Kila kope inapopepesa, maji hayo hutandazwa juu ya jicho na kusukumwa kuelekea pembe iliyo upande wa pua. Kwenye pembe hiyo, katika kila kope, ipo nukta ndogo yenye tundu la sehemu ya milimita tu. Mtu akivuta ukope wake wa chini mbele ya kioo ataiona bila ya shida. Kutoka katika matundu hayo mawili hutoka vijia viwili, kila kimoja na urefu wa milimita 10 hivi, ambavyo kwa watu wengi huungana kabla ya kuingia katika kifuko kilicholala ndani ya kishimo cha mfupa kando ya pua. Kifuko hicho kina urefu wa milimita 12 hadi 15. Chini yake njia hupita ndani ya mfupa na kufunguka puani, chini ya kikunjo cha chini kabisa cha mfupa wa ndani ya pua, penye kigozi kinachofanya kazi ya vali. Kupepesa kwa kope ndiko kunakovuta na kusukuma: njia hii ni pampu, si mteremko tu.

Inaweza kuziba mahali popote. Kwa mtoto mchanga mahali penyewe huwa ni mwisho wa chini, ambapo kigozi hakijapasuka wakati wa kuzaliwa. Mama huona jicho limejaa maji na matongo yameganda asubuhi, ingawa jicho lenyewe ni jeupe. Katika watoto wa namna hii, kiasi cha 9 katika kila 10 hupona kabla ya kutimiza mwaka, na kazi ya mama ni kukanda: kidole safi huwekwa juu ya kifuko, kwenye pembe ya jicho, kisha hubonyezwa na kutelezeshwa kuelekea chini mara kadhaa kwa siku. Mkando huo ulielezwa na Crigler mwaka 1923, na haujapata mpinzani. Maziwa ya mama yanayodondoshwa jichoni, desturi inayojulikana sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, hayafiki panapohusika. Yapo mambo mawili ambayo hayapaswi kungojewa hata siku moja. Mtoto mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba katika majuma ya kwanza ya maisha anahitaji tabibu siku hiyo hiyo. Na mtoto anayetokwa na machozi huku akiukimbia mwanga, jicho likionekana kubwa au lenye ukungu, huenda ana shinikizo la jicho, ugonjwa mwingine kabisa unaopofusha.

Kwa mtu mzima njia hufinywa polepole na uvimbe usio na sababu iliyo wazi, zaidi kwa wanawake wa makamo na wazee. Wengine huziba kwa jeraha la uso, au kwa ugonjwa wa pua yenyewe. Maji yakishatuama katika kifuko hugeuka kuwa ute, na ute ukawa usaha. Siku moja pembe ya jicho huvimba, ikawa nyekundu na kuuma mpaka mgonjwa hawezi kulala. Jipu hilo likipasukia nje huacha tundu kando ya pua ambalo hutoa chozi moja kwa moja juu ya ngozi.

Tundu hilo lina jina katika Kiswahili, nalo ni nasuri. Neno ni la Kiarabu, na waganga walioandika kwa Kiarabu walilishughulikia sana jipu la pembe ya jicho; Ibn Sina alilitaja kwa jina lake mahususi, gharab. Tatizo ni kwamba nasuri, katika kampeni za afya za miaka ya karibuni, imefungamanishwa na ugonjwa wa uzazi ambao umewaletea wanawake wengi aibu na upweke. Kumwambia mama wa Karatina mbele ya jirani zake kwamba ana nasuri, hata ya jicho, ni kumwambia jambo asilokusudiwa kusikia. Hapa kamusi ina haki na msemaji ana makosa, lakini anayeumia ni mgonjwa. Yafaa kusema "tundu la chozi kando ya pua", japokuwa ni maneno mengi.

Mshipa, mfereji au mrija?

Nini basi jina la njia? Maneno matatu hugombea.

Mshipa ndilo neno la kwanza kumjia msemaji wa kawaida, nalo ndilo dhaifu kuliko yote. Mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na katika usemi wa watu wengi ni ugonjwa wa kinena pia. Neno lililobeba mizigo mitatu halifai kuongezewa wa nne.

Mfereji una nguvu ya picha. Watu wa mlimani wanaufahamu mfereji kwa mikono yao: maji ya mito ya Mlima Kenya yamechimbiwa mifereji ya kunyweshea mashamba, na chini kule Mwea, katika Kirinyaga, mpunga wote unategemea mifereji. Mkulima yeyote anajua kwamba mfereji ukizibwa na majani huku chini, shamba la juu hufurika, wala hakuna anayedhani kwamba mto umeongezeka. Mfano huu mmoja hufanya kazi ambayo sarufi ya "kutoa machozi" imeiharibu. Unahamisha akili ya mgonjwa kutoka kwenye chemchemi hadi kwenye mkondo. Dosari yake ni kwamba mfereji huwa wazi juu, na njia ya chozi imefunikwa.

Mrija, ambao asili yake ni ule unyasi wa kunywea, umefunikwa pande zote, nao umekwisha kuzoeleka katika elimu ya viumbe kwa njia nyembamba za mwilini. Kwa istilahi ya kitabuni ndio unaostahili. Lakini mwanamke wa miaka 35 akiambiwa kwa ghafula kwamba "mirija imeziba", hatafikiria jicho. Atafikiria kizazi, kwa kuwa maneno hayo hayo ndiyo hutumika kueleza utasa. Kwa hiyo mrija haupaswi kuachwa peke yake hata mara moja. Uwe daima mrija wa machozi, na katika mazungumzo ya mwanzo uje nyuma ya mfano wa mfereji.

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi, ambao BAKITA na taasisi za uchunguzi wa Kiswahili zimeutumia, huanza kwa kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo kugeukia lugha za kigeni. Kwa sehemu nyingi za njia hii hakuna haja ya kutoka nyumbani. Tundu la chozi kwa ile nukta ya kope, kijia cha chozi kwa kile kinachofuata, kifuko cha machozi, na mrija wa machozi: maneno manne ya Kibantu, yaliyopangwa kwa mfuatano ambao chozi lenyewe linaufuata. Faida ya mfuatano huu ni kwamba daktari anaweza kusema mahali palipoziba kwa neno moja, na tofauti ya mahali ndiyo tofauti ya tiba.

Swali la chumvi

Uchunguzi huanza kwa macho na kidole. Tabibu hutazama kama kope zimegeuka ndani au nje, na kama nywele za ukope zinakwaruza jicho. Kwa wagonjwa wanaoshuka kutoka nchi kavu ya Samburu na sehemu za Laikipia, jambo hilo la mwisho lina uzito, maana trakoma, ambayo Waswahili wengine huiita vikope, imekuwa ikiwasumbua watu huko, na machozi yake hutokana na mkwaruzo, si kuziba. Kisha kifuko hubonyezwa kwa kidole. Usaha ukirudi kupitia tundu la kope, swali limejibiwa kwa nusu.

Nusu ya pili hujibiwa kwa maji ya chumvi. Sindano butu huingizwa katika tundu la ukope wa chini baada ya ganzi, na maji husukumwa taratibu. Yakirudi kwa tundu lile lile yaliloingilia, kijia ndicho kilichoziba. Yakitokea kwa tundu la juu yakiwa na ute, kizuizi kiko chini ya kifuko. Na njia ikiwa wazi, mgonjwa huyasikia kooni. Hapo daktari hana chombo kingine ila ulimi wa mgonjwa, na lugha yake. Swali lenyewe ni fupi: "Unaonja chumvi?" Katika Nyeri swali hili lina bahati, kwani chumvi ya Kiswahili na cumbĩ ya Kikuyu husikizana hata kwa mzee asiyejua Kiswahili vizuri. Muuguzi akimwambia bibi kizee, "Shosho, ukisikia cumbĩ kooni, inua mkono," hakuna mkalimani anayehitajika. (Shosho lenyewe ni cũcũ ya Kikuyu iliyoingia katika Kiswahili cha Kenya, nalo lina heshima na upendo ambao "mgonjwa" halina.) Lakini swali likiulizwa "Je, unahisi chochote?", jibu litakuwa ndiyo, kwa kuwa sindano iliyo machoni huhisika, na kipimo kitakuwa kimepotea.

Kipimo kingine ni cha rangi. Tone la rangi ya manjano iitwayo fluoreseini huwekwa katika macho yote mawili, na baada ya dakika 5 hivi tabibu hulinganisha: jicho lenye njia nzuri limesafika, lililoziba lingali na rangi. Kwa mtoto mdogo kipimo hiki ni bora kuliko sindano.

Hapa ndipo endoskopu inapoingia. Fimbo nyembamba yenye lenzi, ambayo kwa pua ya mtu mzima huwa na unene wa milimita 4 na kwa mtoto huwa nyembamba zaidi, hupitishwa puani ikiwa na taa yake. Daktari huona kama rangi ile imefika chini ya kikunjo cha chini. Huona pia yale ambayo jicho halingemwonyesha kamwe: ukuta wa pua uliopinda, vinyama vya puani, au uvimbe mbaya. Hatari kubwa katika ugonjwa huu mdogo ni hiyo ya mwisho. Mgonjwa ambaye chozi lake lina damu, au uvimbe wake umepanda juu ya usawa wa pembe ya jicho, haruhusiwi kupewa matone na kurudishwa nyumbani.

Jina la chombo limekuwa tatizo dogo lisilostahili kuwa kubwa. Endoskopu imetokana na Kiyunani, endon kwa ndani na skopein kwa kutazama. Wapo wanaopendekeza darubini ya ndani, na wapo wanaokataa kwa hoja kwamba darubini ni Kiajemi, dur kwa mbali na bin kwa kuona, na kwamba chombo cha kuonea mbali hakiwezi kuwa cha ndani. Hoja hii ni ya mwanachuo anayesahau wasemaji. Hakuna Mswahili anayesikia "mbali" katika darubini. Anachosikia ni chombo chenye lenzi, na hadubini iliyokaa juu ya umbo lile lile imemthibitishia hivyo. Darubini ya pua inaeleweka mara moja. Kamera inaeleweka upesi zaidi, nayo ndiyo iliyo karibu na mgonjwa, ijapokuwa inamwachia dhana kwamba anapigwa picha tu. Endoskopu na ibaki katika daftari la hospitali.

Kufungua mlango

Wazo la kuipa kifuko njia mpya kwenda puani si geni. Mwaka 1893 Caldwell, mpasuaji wa Marekani, alijaribu kuifikia kutoka ndani ya pua. Jaribio halikuenea, maana pua ni pango jembamba lenye giza na damu, na kilichohitajika kilikuwa ni kuona. Mwaka 1904 Toti wa Italia alikata ngozi kando ya pua, akatoboa mfupa na kukiunganisha kifuko na pua kutoka nje. Njia ya Toti, baada ya kurekebishwa na wengine, ilitawala karne nzima, na hata leo ni tiba ya kuaminika ambayo haihitaji mitambo ya gharama.

Kilichobadilisha mambo ni kioo. Mwingereza Hopkins alipobuni fimbo ya lenzi katikati ya karne ya 20, pango likapata mwanga. Na mwaka 1989 McDonogh na Meiring, wakiwa Afrika Kusini, walichapisha maelezo ya upasuaji huo uliofanywa wote kupitia puani kwa endoskopu. Inafaa ikumbukwe kwamba hatua hiyo ilitangazwa kutoka bara hili.

Upasuaji wenyewe hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi au kwa ganzi. Dawa ya kukaza mishipa ya damu huwekwa puani ili damu ipungue. Daktari huinua utando wa ndani mbele ya kikunjo cha kati cha pua, hung'oa vipande vya mfupa mwembamba unaokifunika kifuko, kisha hukipasua kifuko kwa urefu wake na kuzikunjua kuta zake kama kurasa, ili zisije zikafungana tena. Hakuna kovu usoni, na misuli ya kope inayosukuma chozi haikuguswa. Kwa ngozi zenye tabia ya kuota kovu nene, jambo la kwanza si dogo. Mafanikio ya njia hizi mbili, ya nje na ya puani, hukaribiana zikifanywa na mikono iliyozoea. Kinachoamua katika miji midogo ni nani yupo na ana chombo gani. Mgonjwa ambaye kijia chake ndicho kilichoziba, wala si mrija, huenda asisaidiwe na yoyote kati ya hizo mbili, na ndiyo sababu ya kutaja mahali kwa neno sahihi tangu mwanzo.

Jina la Kiyunani la upasuaji huu, likiandikwa kwa sauti za Kiswahili, ni dakriosistorinostomia: chozi, kifuko, pua, kinywa. Ni sentensi nzima iliyofungwa kamba. Kiyunani husema kinywa mahali ambapo Kiswahili husema mlango. Mto wa Kiswahili huingia baharini kwa mlango wake, na bahari nyembamba kati ya nchi mbili ni mlango wa bahari. Kwa hiyo "kufungulia chozi mlango puani" si tafsiri ya kubahatisha, bali ni kule kule ambako lugha imekwisha kwenda yenyewe. Maneno hayo yana sifa nyingine: yanataja pua. Mgonjwa aliyekwenda hospitali kwa ajili ya jicho, kisha akaambiwa atapasuliwa pua, huwa na haki ya kushuku kwamba amechanganywa na mtu mwingine. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini idhini inayotiwa sahihi pasipo kufahamu kwa nini pua iguswe kwa ugonjwa wa jicho ni idhini ya wino tu, katika lugha yoyote.

Mara nyingi daktari huacha uzi wa silikoni ukipita katika matundu mawili ya kope na kufungwa puani, nao huondolewa baada ya majuma kadhaa. Hapa neno mrija linarudi na mtego wake. Wengi huuita uzi huo mrija, na mgonjwa aliyefundishwa kwa taabu kwamba mrija wake wa machozi umeziba, sasa husikia kwamba "mrija utatolewa" mwezi ujao. Wapo watakaokosa kurudi kwa hofu. Uitwe uzi, kwa kuwa kwa macho ni uzi.

Na lipo agizo la mwisho, ambalo ni la siku za kwanza nyumbani: mgonjwa asipenge kamasi, maana hewa inaweza kusukumwa kupitia mlango mpya hadi kwenye kope na kuzivimbisha. Kupenga ni neno zuri la pwani. Huko Nanyuki, ambako Mkikuyu, Mmeru, Msamburu, Mturkana na Msomali hukutana kwa Kiswahili kwa sababu hawana lugha nyingine ya kukutania, si kila mtu analo. Wauguzi wanaosema "usipulize pua" wanalikosea neno na kulipata kusudi. Na anayetaka kuwasahihisha hana budi kungoja mpaka uzi utolewe.